Mumbai kwa hela ndogo: pa kulala, pa kula na jinsi ya kuzunguka bila kupigwa

Wengi wetu tukienda Mumbai tunaenda na sababu, huyu kapeleka mgonjwa, yule kafuata mzigo wa nguo au spea, mwingine anaunganisha ndege akaona badala ya kukunjamana kwenye viti vya airport bora atoke nje akashangae mji, watu wa kwenda kutembea tu ni wachache sana na ndo maana ushauri mwingi unaozunguka kwenye magrupu ni wa madalali: hoteli ya fulani, dereva wa fulani, ukifika nipigie. Usipige. Mumbai unaweza kuizunguka mwenyewe kwa hela ndogo mno, sharti ni moja tu, ulale karibu na stesheni ya treni na ujue kuipanda hiyo treni. Mji wenyewe ni mrefu na mwembamba, umenyooka kaskazini kusini pembeni ya bahari, na reli zimepita humo humo kutoka juu mpaka chini, kwaiyo karibu kila unachotaka kukiona kiko hatua chache kutoka stesheni fulani. Anayelala mbali na reli ndo yule utamsikia anasema Mumbai ni ghali, kumbe hela yake yote imeishia kwenye taxi iliyosimama foleni.

Tuanze na makaratasi maana watu wanakwama hapo kabla hata ya kuiona ndege. Visa unaomba mtandaoni, e-Visa, tovuti ya serikali yao ni indianvisaonline.gov.in, iandike hivyo hivyo kwa mkono wako, usitafute alafu ukabonyeza ya kwanza inayotokea, zipo tovuti kibao zimefananishwa nayo mpaka rangi, zinakuchaji mara mbili mara tatu na kazi wanayofanya ni kujaza fomu ile ile ambayo ungejaza mwenyewe. Ya utalii ipo ya siku 30, ya mwaka 1 na ya miaka 5. Ile ya siku 30 dirisha lake linafunguka siku 30 kabla ya kufika, ukiwahi sana mfumo unakukatalia, na usivute mpaka dakika za mwisho, acha angalau siku 4. Kama unamsindikiza mgonjwa usichukue ya utalii, ipo kabisa visa ya msindikizaji, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Kuanzia Oktoba 2025 kuna na fomu ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya masaa 72 kabla hujafika, ni bure, anayekudai hela ya hiyo fomu ni tapeli.

Cheti cha homa ya manjano. Hapo India hawana mchezo kabisa. Ukitokea Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo bila cheti, au umechoma chanjo na siku 10 hazijafika, wanaweza wakakuweka karantini mpaka siku 6, hiyo ni wiki nzima ya safari imeenda na maji. Wabongo nao wasijione wamepona, ukiunganisha ndege Nairobi, Addis au Entebbe unaweza kuhesabiwa kwamba umetokea huko. Kibebe tu, ile kadi ya njano ya kweli, sio picha kwenye simu.

Ndege za moja kwa moja zipo, Air Tanzania toka Dar, Kenya Airways na IndiGo toka Nairobi, Uganda Airlines toka Entebbe, ila ratiba zinabadilika badilika, na mara nyingi kupitia Addis inaangukia bei nzuri kama una subira. Saa zao ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, hiyo nusu inachanganya watu, ukiambiwa ndege saa nne na nusu usiku angalia ni ya wapi.

Msimu mzuri ni Novemba mpaka Februari, joto linavumilika na mvua hakuna. Juni mpaka Septemba ni masika yao na sio masika ya kawaida, tarehe 26 Julai 2005 mvua ya milimita 944 ilishuka ndani ya masaa 24, mji ukazama. Haiwi hivyo kila mwaka lakini kila mwaka kuna siku treni zinasimama kwa sababu reli imejaa maji, kwaiyo ukienda miezi hiyo gesti itakuwa rahisi kweli ila acha nafasi ya siku moja mbili kabla ya ndege ya kurudi. Aprili na Mei ni joto la kukwamisha pumzi, watu wa Mombasa na Dar wanalielewa, wa Arusha na Kabale watalia.

Hela sasa. Rupia 1 ni chini kidogo ya shilingi 30 za Tanzania, au kama shilingi moja na nusu ya Kenya, inapanda inashuka. Beba dola noti kubwa, safi, zisizo na mikunjo wala maandishi. Uwanja wa ndege badilisha kidogo tu, ya kukufikisha kitandani, nyingine ukabadilishe mjini maeneo ya Fort au Colaba kwenye maduka yenye leseni, ingia mawili matatu uulize nikikupa dola 200 nitatoka na rupia ngapi mkononi, sio reti ni ngapi, maana reti wanakutajia tamu alafu wanakata ada. Mtu akikupa noti ya 2,000 mrudishie, hizo zilianza kuondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023. Wenyewe sasaivi hawabebi noti, kila kitu wanaskani kwa UPI, mpaka anayechoma mahindi ufukweni ana kibao chake cha QR, ni M-Pesa tu ila imeingia mpaka kwenye kikombe cha chai cha rupia 10. Kwa mgeni wa siku chache usijisumbue nayo, cash inapokelewa, kinachosumbua ni chenji, kwaiyo kila ukipata nafasi vunja noti ya 500 dukani kwenye bidhaa kubwa ubaki na za 10, 20 na 50.

Laini ya simu chukua Airtel au Jio, kwa pasipoti na kopi ya visa. Za airport zinaenda na vifurushi vya watalii vyenye bei ya juu kidogo, za mjini bando la siku 28 lenye GB kama moja na nusu kwa siku linacheza kwenye rupia 350 hivi. Kuwashwa kwa laini kunaweza kuchukua masaa kadhaa, usiondoke dukani bila namba ya kuwapigia na risiti. Soketi zao ni za pini za duara, chaja zetu za pini tatu za mraba haziingii, adapta nunua kwao, barabarani inauzwa bei ya chai mbili tatu.

Kutoka airport. Terminal 2 sasa ina metro yake, Line 3, ya chini ya ardhi, ilifunguliwa yote Oktoba 2025 mpaka Cuffe Parade kule mwisho wa kusini, inapita Dadar, Mumbai Central, CSMT (Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, stesheni kubwa ya treni) na Churchgate, nauli ya juu kabisa ni rupia 70. Hii imebadilisha mchezo kwa sisi wenye hela ndogo, zamani ilikuwa ni taxi au upambane na begi kwenye treni ya Andheri. Inaanza kama saa kumi na mbili asubuhi mpaka kama saa nne na nusu usiku, na kule chini mtandao unakata hovyo, kwaiyo piga skrinshoti ya ramani na jina la stesheni yako ukiwa bado juu. Ukitua usiku wa manane chukua taxi ya kulipia kabisa kwenye kaunta ya ndani, au ita Uber. Yule anayekufuata mlangoni anakuita "my friend" anakushika begi, mpite. Akikuambia hoteli yako imefungwa au imeungua, nayo ni nyimbo ya zamani, hoteli ipo.

Kulala ndo kitu kinachouma Mumbai, vyumba ni vidogo na bei yake ukilinganisha na miji mingine ya India iko juu. Kitanda kwenye hosteli, vile vya kupandana, mara nyingi ni kati ya rupia 600 na 1,200, chumba chako mwenyewe kisicho na mbwembwe jiandae na 1,500 kwenda juu, na chumba chenyewe ukifungua begi chini mlango haufunguki. Kuna kitu wengi hawakijui: gesti ikimpokea mgeni wa nje inatakiwa imripoti serikalini kwa fomu iliyozoeleka kwa jina la Form C, na gesti nyingi ndogo hazijajisajili kwenye huo mfumo au hazitaki usumbufu, kwaiyo unaweza kuwa umelipia mtandaoni ukafika wakakwambia hawachukui pasipoti za nje. Kabla ya kulipa watumie meseji waulize waziwazi kama wanapokea pasipoti ya kigeni, wakijibu ndio tunza hiyo meseji. Wapenzi ambao hamjaoana nao waulize mapema, sehemu nyingine wanasumbua. Na ukifika omba kuona chumba kwanza, fungua bomba, angalia kama kuna dirisha la kweli au ni pazia limefunika ukuta, hilo la pazia lipo sana.

Wapi sasa? Colaba na Fort uko katikati ya kila kitu cha kuangalia ila unalipia jina. Mimi naona Dadar ndo penye akili kuliko pote, reli ya Western na ya Central zinakutana hapo, kwaiyo karibu popote unapoenda ni treni moja. Andheri ni pazuri kwa aliye karibu na airport au ana shughuli kaskazini, hosteli zipo na vyakula vimejaa. Waislamu kuna musafirkhana karibu na CSMT na maeneo ya Mohammed Ali Road, nyumba za wageni za jumuiya, rahisi na zina utaratibu wake, nenda na heshima zako. Grant Road na pembeni ya Mumbai Central utaona gesti bei chee, ila ujue upande wa Kamathipura ndo mtaa wa madanguro wa miaka nenda rudi, mwanaume peke yake unaweza usijali, mwenye familia asogee mbele. Popote utakapochagua, pima kwa miguu, dakika 10 kufika stesheni, ikizidi hapo achana nayo.

Sasa treni yenyewe. Reli ya kwanza ya abiria India ilianzia hapa, tarehe 16 Aprili 1853, Bori Bunder mpaka Thane, kilometa 34, na mpaka leo mji unaishi kwa hizo reli. Za kukaa kichwani ni tatu, Western inayoanzia Churchgate kwenda Bandra, Andheri, Borivali mpaka Virar na zaidi, Central inayoanzia CSMT kwenda Dadar, Kurla, Thane, Kalyan, na Harbour inayotokea hapo hapo CSMT kuelekea Panvel. Nauli ya chini kabisa daraja la pili ni rupia 5, Churchgate mpaka Andheri rupia 10, yaani mwendo wa zaidi ya kilometa 20 kwa chini ya shilingi 300 za Tanzania. Kuna daraja la kwanza ambalo ni behewa lile lile lenye sponji kwenye kiti na watu wachache kidogo, nauli yake mara kadhaa zaidi, na treni za AC zenye milango inayojifunga. Ukikamatwa bila tiketi, au na tiketi ya pili ndani ya la kwanza, faini ni rupia 250 juu ya nauli, na wakaguzi wanawapenda wageni waliopotea. Behewa la daraja la kwanza lina mistari ya njano na nyekundu ubavuni, na kuna mabehewa ya wanawake tu, dada zetu yatumieni hayo, ni salama na yana raha yake, humo ndani wanauza hereni, vibanio, matunda, mnafika nyumbani soko mmelimaliza.

Tiketi nunua dirishani, programu yao ya simu inataka namba ya India. Foleni ikiwa ndefu kuna mashine na pembeni yake mara nyingi anasimama mzee mstaafu wa reli, unamtajia stesheni unampa hela anakutolea, ni utaratibu unaotambulika sio utapeli. Ipo pia tiketi ya mtalii ya siku 1, siku 3 au siku 5, unapanda unashuka utakavyo, iulizie CSMT au Churchgate.

Kwenye platform juu kuna ubao wa taa: mwisho wa treni, saa, na herufi S au F. S inasimama kila stesheni, F inaruka. Na hapa ndo wageni wanapoumia, jioni ile mtu anataka kushuka Andheri anaona F ya Virar anajirusha. Usifanye. Watu wa Virar wanakaa mbali, wamesimama, wamechoka, na hawapendi mtu wa karibu kuwachukulia nafasi, ikifika Andheri wamejipanga mlangoni na hawasogei, utapitishwa mpaka Borivali. Panda treni inayoishia unakoenda au karibu na hapo.

Asubuhi kuanzia saa mbili mpaka saa tano watu wote wanaenda kusini, jioni kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu wote wanarudi kaskazini, wewe mtalii huna haraka, nenda kinyume nao au katikati ya mchana na utakaa dirishani kama bosi. Ukilazimika kupanda saa mbaya, begi la mgongoni livae kifuani, simu mfuko wa mbele, treni ikiingia haijasimama vizuri watu wanaanza kuruka, wewe simama pembeni ya mlango waache washuke alafu jiachie, utaingizwa, hutumii hata nguvu. Ukishaingia usizame ndani sana. Stesheni moja kabla ya yako anza kusogea, muulize aliye mbele "Dadar?", akitikisa kichwa kwa ile staili yao ya kulaza huku na huku maana yake ndio naye anashuka, mfuate mgongo, asiposhuka mwambie "utarna hai", nataka kushuka, atakupisha au atakubadilisha nafasi, wana utaratibu wa ajabu humo ndani ya msongamano. Uliza pia platform inakuja upande gani. Treni zisizo na AC milango iko wazi muda wote na vijana wananing'inia, usiwaige, watu wanakufa kwenye reli hizi kila mwaka, na usikatize reli kwa miguu hata ukiona wenyeji wanafanya, panda daraja.

Mabasi mekundu ya BEST ni mazuri kwa safari fupi, kuanzia rupia 10 yasiyo na AC na 12 yenye AC. Taxi nyeusi na njano zinaanzia rupia 31, bajaji rupia 26, zote kwa mita, akigoma kuwasha mita shuka tafuta mwingine maana wako wengi. Bajaji haziruhusiwi kusini ya Bandra na Sion, kwaiyo ukiwa Colaba usipoteze muda kuzitafuta.

Kula ndo Mumbai inapokurudishia hela yako. Vada pav, kiazi kilichopondwa kikakaangwa na unga wa dengu, kikabanwa ndani ya mkate na chatne ya kijani na ile kavu nyekundu ya kitunguu saumu, rupia 15 mpaka 25, mbili ni chakula cha mchana, na inasemwa ilianzia nje ya stesheni ya Dadar miaka ya 1960 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Alafu pav bhaji (mkate na rojo la mboga), misal pav (mkate na mchuzi mkali wa choroko), bhel puri (bisi za mchele zilizochanganywa na chatne) ya ufukweni Chowpatty. Matunga kuna migahawa ya watu wa kusini mwa India, dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu) na idli (vitumbua vya mvuke) asubuhi, kahawa kwenye kikombe cha chuma, unatoka umeshiba na umelipa kama nauli. Mchana tafuta thali, sinia lenye wali, chapati, dengu, mboga na maziwa mgando, nyingi wanakuongezea mpaka wewe ukatae. Chai omba "cutting", nusu glasi. Kwa aliyechoka pilipili sema "mirchi kam" na bado itawaka.

Nyama kidogo kuna habari zake. Migahawa mingi ni ya mboga tupu, kwenye pakiti nukta ya kijani maana yake hakuna nyama, alama nyekundu au kahawia ipo. Ng'ombe usitafute, sheria ya jimbo la Maharashtra imekataza, na tangu 2015 hata dume na maksai, ukiona "buff" hiyo ni nyati wa kufugwa. Halali nenda Mohammed Ali Road, uchochoro wa Minara Masjid, mishikaki, nihari (mchuzi mzito wa nyama), na Ramadhani usiku pale hakulaliki, moshi wa makaa, firni (uji mtamu wa maziwa na mchele) kwenye vibakuli vya udongo, malpua (chapati tamu) wanakaanga kwenye karai kubwa kama la harusi ya pwani. Mtu wa Unguja hapo atasahau kama yuko ugenini. Ukitaka kukaa kidogo kwa bei ndogo nenda migahawa ya Kiirani, Kyani karibu na Marine Lines ipo toka 1904, mkate na siagi na chai, feni linazunguka taratibu, hakuna anayekufukuza. Maji kunywa ya chupa iliyofungwa, stesheni kuna Rail Neer rupia 14 hivi, na matunda yaliyokatwa tayari barabarani yaache.

Kuangalia mji sehemu kubwa ni bure. Anza CSMT yenyewe, zamani Victoria Terminus, ilimalizika 1888 na iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2004, simama ng'ambo uangalie zile sanamu za mawe, usiku inawashwa taa. Shuka kwa miguu kupitia Fort mpaka Oval Maidan, Jumapili pale utakuta mechi za kriketi zimepishana mpaka huelewi mpira ni wa nani, malizia Gateway of India, lile lango kubwa la mawe pembeni ya bahari, na hoteli ya Taj ya 1903. Wapiga picha wa pale Gateway ukitaka kukubali patana bei na idadi ya picha kabla. Jua likianza kuzama nenda ukae Marine Drive kwenye ukuta, watu wote wa mji wako hapo. Haji Ali, kaburi la walii katikati ya maji, njia yake inafunikwa bahari ikijaa, angalia saa za maji kabla, watu wa pwani hili sio la kufundishwa.

Vya kulipia vipo viwili vya maana. Elephanta, mapango yenye sanamu kubwa ya Shiva mwenye nyuso tatu, boti toka Gateway kama saa moja, mgeni analipa rupia 600 wakati Mhindi analipa 40, na boti juu yake. Kanheri, mapango zaidi ya 100 ya watawa wa Kibudha yaliyochongwa kwenye mwamba ndani ya hifadhi ya Sanjay Gandhi, stesheni ya Borivali, mgeni rupia 300 na kiingilio cha hifadhi. Kama hela ni ya moja nenda Kanheri, hakuna watu wengi, kuna msitu, kutoka getini ni kilometa kadhaa ndani na kuna basi, ila nyani wa pale wanapora mfuko mkononi na chui wapo kweli, usijitie ujasiri wa kuchepuka njia. Vyote viwili Jumatatu vinafungwa, watu wanaenda boti wanakuta hakuna kitu.

Masoko: Crawford Market matunda na viungo, Mangaldas vitambaa kwa mita, wenye mafundi nyumbani hapo ndo penu, Chor Bazaar vitu vya zamani, Colaba Causeway ni bei za wageni, akitaja 1,000 anza na 300 na uwe tayari kuondoka, mara nyingi anakuita ukiwa hatua ya tano. Muite muuzaji "bhaiya", yaani kaka, mama mtu mzima "aunty", mzee "uncle", bei inalainika. Colaba hapo pia jihadhari na mwanamke mwenye mtoto anayekwambia hataki hela, mnunulie maziwa ya unga tu kwenye duka lile pale, maziwa ni ghali kupita kiasi na ukigeuka yanarudi rafuni wanagawana.

Utaangaliwa. Nasema mapema ili usishtuke, mtu mweusi kwenye treni anaangaliwa mpaka stesheni ya mwisho, wengine wataomba selfi, wengine watapunguza sauti, na kuna wenye nyumba wakisikia Mwafrika chumba kinajaa ghafla. Wengi ni ushamba tu, unatabasamu unauliza "kaise ho", yaani habari yako, na mazungumzo yanaanza, ila anayekudharau usibishane naye, toka, hela yako inapokelewa mlango wa pili. Dharavi, ule mtaa mkubwa wa mabanda, usiende kupiga picha za watu wanaofanya kazi zao, hakuna anayependa hivyo hata kwetu.

Kwa wanaosindikiza wagonjwa, mnakaa wiki nyingi kwaiyo hesabu zenu ni tofauti, msichukue chumba cha kwanza ambacho dalali wa hospitali anawapeleka, kaeni gesti siku mbili tatu alafu zungukeni wenyewe karibu na hospitali mtafute chumba chenye jiko, bei ya mwezi inapatanwa, na unga wa mahindi upo madukani unaitwa makai atta, ni wa njano na laini, ugali wake sio kama wetu ila unashika.

Siku ya kurudi uwe na tiketi na pasipoti mkononi mapema, airport za India askari mlangoni hawakuingizi bila kuviona. Rupia zilizobaki badilisha kabla, kisheria mgeni haruhusiwi kutoka na zaidi ya rupia 25,000, na Dar au Kampala utakuta hazina soko. Powerbank weka begi la mkononi. Na kama ulinunua nazi kavu iache, hairuhusiwi kwenye ndege zao hata begi la chini, wanasema ina mafuta inashika moto.